Nywila Niliyomnyima Ndugu Yangu

Mimi sikusoma. Baba yetu alikuwa na watoto wa kiume wawili na ng'ombe saba, akaamua kwamba mmoja aende shule na mmoja abaki na ng'ombe. Mkubwa nilikuwa mimi, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kunizoea, kwa hiyo akaenda mdogo wangu. Simlaumu baba. Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu asiyelijua hataelewa ni kwa nini mtu wa umri wangu alimfungia ndugu yake intaneti, kama watoto wanaonyang'anyana muwa.

Mdogo wangu akawa mwalimu, akafundisha mpaka akastaafu, akarudi kujenga jirani yangu hapa Kanoni. Migomba yake na yangu inagusana. Kinachotutenga ni mstari wa miramura, mimea ya mpaka aliyoipanda baba. Miaka yote ambayo watoto wangu walikuwa mbali, barua zao zilipitia kwake. Yeye alikaa kitini, mimi kwenye benchi. Alifungua bahasha na kusoma kimya kwanza. Alitabasamu. Alifungua ukurasa wa pili, akacheka, na mimi nimekaa namtazama mdomo. Kisha alikunja karatasi na kuniambia, "Anasema hajambo, anawasalimu wote." Kurasa mbili! Nilirudi nyumbani na hajambo yangu, nikampelekea marehemu mke wangu, naye akauliza, "Hayo tu?"

Aliyeumaliza utawala huo ni binti yangu wa mwisho, muuguzi aliyeko Mwanza. Alininunulia simu ya kupangusa, na kila mwezi huniingizia kifurushi cha intaneti. Jumapili baada ya ibada hunipigia simu ya picha. Namwona uso. Naona kama amekonda, naona pazia jipya lililoko nyuma yake, namwambia lile la zamani lilikuwa zuri zaidi, anacheka. Hakuna anayenisomea. Siku ya kwanza tulipomaliza kuzungumza, niliketi na simu mapajani hadi kioo kikazimika, nikajiambia kwamba mtoto huyu sasa nimempata mwenyewe.

Haikupita miezi mitatu ndugu yangu akaja.

Lazima niseme kwamba masikio yake yamekwisha. Ukimpigia simu husikia mvumo tu, kama mtu aliyeweka kichwa ndani ya mtungi. Ndiyo maana mwanawe alimwachia kishikwambi chenye kioo kipana, apate kusoma anachoandikiwa. Lakini kishikwambi hicho hakina mahali pa kuweka laini. Alikileta mkononi, kimefungwa ndani ya taulo.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Umebeba mtoto?"

"Nimebeba maiti," akasema, "mpaka huyu mjukuu wako aniwashie hotspoti."

Mjukuu aliyetajwa ndiye anayeandika maneno haya, binti wa mwanangu wa kwanza, anayekaa nami. Nilimuuliza hotspoti ni kitu gani. Akaeleza kwamba simu yangu inaweza kugawa intaneti yake, ndugu yangu akaipata kwenye kishikwambi chake bila waya na bila kuigusa simu.

"Na yangu inabaki?"

"Inabaki, Babu. Inapungua kidogo."

Sikupenda neno hilo, kidogo. Lakini ndugu alikuwa amesimama mlangoni, na mtu hamnyimi ndugu kitu cha namna hiyo mbele ya mjukuu. Nikakubali. Mjukuu akaweka nywila, akamwandikia kwenye karatasi, naye akaisoma. Mimi, mwenye simu, sikuweza kuisoma.

Intaneti ilitoka dirishani kwangu ikavuka miramura hatua tano hivi, kisha ikaisha. Kwa hiyo ndugu yangu alileta kigoda, akawa anakaa upande wake wa mpaka, mgongo kwenye mgomba, kila siku saa kumi. Huku kwetu mtu akikaa mahali unapomwona kutoka mlangoni mwako, huwezi kumwacha mdomo mkavu. Nilimtuma mjukuu ampelekee akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kisahani. Basi akatafuna kahawa yangu, akatumia intaneti yangu, na siku ya nne nikamsikia anacheka.

Kicheko kile nilikijua. Ni kile kile cha ukurasa wa pili.

Nilikwenda mpakani. "Unacheka nini?" Nilipaza sauti, maana bila hivyo hasikii.

"Binti yetu ana maneno!"

Binti yetu. "Ameandika nini?"

Alikifunika kioo kwa kiganja. "Hajambo. Anakusalimu."

Niliona giza. Nikamwambia kwamba mtoto ni wangu, simu ni yangu, na kila neno linalomfikia limepita kwanza dirishani kwangu. Akanitazama kwa upole wa mwalimu anayemtazama mwanafunzi mzito.

"Kaka, mambo mengine yana njia yake. Utaambiwa."

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Jumapili binti yangu alipopiga, nilimwangalia usoni nikitafuta maneno aliyompelekea mwingine. Alinieleza habari za kazi, za mvua, za bei ya samaki. Robo saa. Kisha akauliza, "Baba Mdogo hajambo?" Nikajibu kwa mkato. Kwa ndugu yangu alikuwa anaandika kila siku. Nilijua kwa sababu nilikuwa nahesabu mara anazocheka. Nikianza kula, nasikiliza. Nikipalilia, nasikiliza. Mara moja alivua miwani, akafuta macho, na hilo lilinichoma kuliko kicheko. Mwanangu amelia, na aliyefuta macho si mimi.

Jumatatu moja nilimwambia mjukuu, "Badilisha nywila."

"Babu, atakuja kuuliza."

"Mwambie mtandao umekatika."

"Atajua."

"Nimesema badilisha."

Akabadilisha. Saa kumi ndugu yangu akaketi kigodani, akapangusa, akavaa miwani, akavua miwani, akaja hadi mlangoni.

"Kinaniambia nywila si sahihi."

"Mtandao umekatika," nikasema.

"Umesemaje?"

"UMEKATIKA!"

"Mtandao ukikatika haudai nywila, Kaka." Alikifunga kishikwambi ndani ya taulo lake. "Ungesema tu hutaki. Kaa nayo."

Akachukua kigoda akaenda, na wiki tatu hakukanyaga kwangu. Nami sikukanyaga kwake. Kahawa ilibaki kwenye kisahani. Nisingependa kusema uongo mbele ya mjukuu: zilikuwa wiki nzuri. Nilikuwa na mtoto wangu peke yangu.

Jumapili ya pili ya wiki hizo, binti yangu aliniuliza, akiwa ameinamisha uso, "Baba, Baba Mdogo anasoma jumbe zangu?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili si la simu, ni langu. Ningeweza kusema kweli. Lakini niliona kwamba nikisema kweli ataniambia nimfungulie, na ataniambia kwa upole, nami nitashindwa.

"Anasoma," nikasema.

"Hajajibu."

"Macho yanamsumbua. Lakini anasoma."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akaanza kunieleza habari za jirani yake na kuku.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa shambani tangu asubuhi, napunguza majani makavu ya migomba, miguu peku, shati limechanika begani. Nikasikia gari limesimama barabarani. Wakashuka wazee wanne, wawili wamevaa kanzu na koti, mmoja ana fimbo, na wa nyuma wamebeba madumu mawili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Hakuna asiyejua maana ya rubisi iliyofunikwa hivyo. Mundu ulinidondoka.

Mwenye fimbo alisalimu kwa heshima kubwa. Walikuwa wametoka Kyerwa.

"Tumekuja siku ile mliyotupa," akasema.

Sikuwa nimetoa siku. Sikujua hata kwamba kuna anayemposa binti yangu. Wazee wa ukoo hawakuwa wameitwa, jikoni hapakuwa na chungu, na mimi nilinuka utomvu wa migomba. Nikawakaribisha ndani. Mjukuu akatoa akamwani yote iliyokuwamo nyumbani, wakatafuna, wakatazama ukuta. Kisha mwenye fimbo akauliza jambo ambalo lilikuwa haki yake kuuliza.

"Msemaji wenu ni nani?"

Kwetu baba hamjibu mposaji. Baba hukaa kimya. Mwenye kusema ni ndugu wa baba. Na binti hamtajii baba yake mwanaume aliyempenda. Humwambia baba yake mdogo, naye ndiye hupima, huuliza ukoo wa watu hao, hupanga siku, na mambo yakishaiva ndipo humwambia ndugu yake. Haya nimeyajua tangu sijaota ndevu. Nilikaa pale mbele ya wageni, na wivu wote wa wiki zile ukanigeukia. Mambo aliyoyacheka na kuyalilia pale mpakani yalikuwa haya. Baadaye nilijua kwamba binti yangu alikuwa ameandika kwamba wageni watakuja Jumamosi, na kwamba kama siku haifai Baba Mdogo ajibu. Hakujibiwa. Akaniuliza kama jumbe zinasomwa, nikasema zinasomwa. Basi akawapa wageni siku.

Nilitoka nikavuka mpaka kwa miguu yangu mwenyewe. Ndugu yangu alikuwa barazani anasoma gazeti kuukuu.

"Wageni wamefika," nikasema.

Akaweka kiganja sikioni. "Sema kwa sauti, Kaka. Masikio yangu unayajua."

"Wageni! Kutoka Kyerwa!"

"Leo? Mbona sikuandikiwa?"

"Uliandikiwa. Haikukufikia."

"Kwa nini?"

"Nilifunga."

"Ulifanya nini?"

"Nilifunga ile…"

"Sikusikii."

Sijui hadi leo kama kweli hakusikia. Migomba ilikuwa imetulia, hapakuwa na upepo, na dirisha la kwangu lilikuwa wazi. "NILIFUNGA HOTSPOTI!" nikapiga kelele. "NILIBADILISHA NYWILA USISOME! NA BINTI NIKAMDANGANYA!"

Kutoka ndani ya nyumba yangu nikasikia wazee wanne wanacheka, na mmoja akakohoa kahawa.

Ndugu yangu hakucheka. Alikunja gazeti, akaingia ndani, akarudi amevaa koti lake la ualimu na viatu. Njiani aliniambia tu, "Nawe kavae shati."

Alipoketi mbele ya wageni, alisema kwa ufasaha ambao sina. Aliwashukuru kwa safari, akawaambia kwamba siku ilitolewa ila nyumba haikuipata, na kwamba kosa ni la upande wetu, hivyo hatutapokea rubisi yao mikono mitupu. Waionje, waiache, warudi Jumamosi ya tatu, wawakute wazee wa ukoo na chungu kikiwa motoni. Wakakubali. Wakati wanaonja, alimuuliza mwenye fimbo hali ya mguu wa mama wa kijana. Alijua mguu wa mama wa kijana! Alijua kwamba kijana ni fundi seremala, kwamba alimkuta binti yangu hospitalini alipompeleka mama huyo, na kwamba binti yangu alilia wiki nzima akihofu nitamkataa kwa kuwa hakumaliza shule. Mimi! Nimkatae mtu kwa kukosa shule! Yote hayo yalikuwa yamepita dirishani kwangu, juu ya kichwa changu, nami nimekaa nahesabu vicheko.

Walipoondoka nilimwambia mjukuu amrudishie ndugu yangu nywila. Nilimwomba ndugu yangu jambo moja, awe ananisomea yote anayoandikiwa, neno kwa neno.

"Hapana," akasema.

"Hata nusu?"

"Kaka, akijua nakusomea, hataandika tena. Atamwambia nani?"

Nikaiacha hotspoti wazi. Moyo wangu haukufunguka nayo, na sitamruhusu mjukuu aandike vinginevyo. Saa kumi nilimwona anapangusa, anatabasamu, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Jumamosi ya tatu wageni wakarudi. Safari hii walikuta mbuzi, matoke, na wazee wa ukoo saba. Mimi nilikaa chumba cha ndani, kama inavyompasa baba, nikamsikia ndugu yangu sebuleni akijibu, akitania, akimsifu binti yangu kwa tabia ambazo mimi sikuwahi kuambiwa. Watu wakampigia makofi. Nilikuwa nimeshika magoti yangu kwa mikono miwili.

Kisha ndugu yangu akafungua mlango. Alikuja hadi nilipoketi, akapiga goti moja kwa shida, maana naye ni mzee, na akaniuliza swali ambalo msemaji hana ruhusa ya kulijibu yeye mwenyewe, awe amesoma kiasi gani.

"Kaka, wanasubiri. Unamtoa au humtoi?"

Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ya shati lililochanika. Lakini nilimtazama, sikusema. Sebuleni hakuna aliyetikisa kikombe. Jasho likamtoka ndugu yangu kwenye paji la uso. Akajifuta kwa kiganja kile kile alichofunikia kioo. Akanitazama mdomo. Nami nikamwacha anitazame mdomo kwa muda niliouona unatosha, kisha nikamwambia, "Namtoa."

"Niwaambie nini zaidi?"

"Hilo tu," nikasema, naye akainuka kulipeleka.