Siku Niliyomsemea Mama Mjini Kilosa

Stesheni ya Kilosa ilinuka mafuta yaliyopakwa mataruma, mihogo ya kukaanga na tope la mto Mkondoa, uliokuwa umefurika kwa mvua za masika. Tulishuka kwenye treni saa mbili asubuhi, mama, mdogo wangu Masanja na mimi, baada ya safari ndefu kutoka Shinyanga. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nami nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa ametangulia na ng'ombe kutafuta malisho upande wa Mikumi, na sasa alikuwa ametuita. Lori la kutupeleka huko lingeondoka saa kumi alasiri. Katika barua yake, ambayo niliisoma mimi mwenyewe kwa sauti nyumbani, aliagiza kwamba tukifika Kilosa tukae stesheni juu ya mizigo yetu, tusizurure, kwa kuwa mji hatuujui na wenyewe hautujui.

Tungekaa kama alivyoagiza, lakini Masanja alikuwa mgonjwa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Tangu Dodoma alikuwa akiharisha, na kufikia asubuhi ile alikuwa ameacha hata kulia. Mama alimvuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ngozi ikabaki imekunjamana. Yeye Kiswahili hakukijua, ila salamu na majina ya vitu vya dukani. Mimi nilikijua kwa sababu ya shule. Akaniambia kwa Kisukuma niulize hospitali iko wapi. Kuuliza si ujinga, lakini sikuwahi kumuuliza mtu mzima nisiyemjua jambo lolote. Nilimwendea mwanamke aliyekuwa akikaanga mihogo karibu na lango, nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba, akasema yeye ni Mama Zubeda, na kwamba babu yake aliletwa Kilosa na kazi ya reli akafia hapo hapo, kwa hiyo wageni wa treni ni watu wake. Akavuta magunia yetu na masufuria nyuma ya jiko lake, akanielekeza njia kwa kijiti cha kugeuzia mihogo.

Tukaingia mjini. Mama alitembea nyuma yangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, maana kwetu njiani alitangulia yeye. Nilisoma kila kilichoandikwa kwenye kuta na kumwambia kwa Kisukuma: hapa wanashona, hapa wanauza dawa za mifugo, hapa wanatengeneza redio. Maduka yalijaa vitu ambavyo muda si mrefu nyuma tulivisikia tu kwa watu: sabuni za rangi, betri, ndala za plastiki, marundo ya mitumba yaliyotandazwa juu ya maturubai. Pamoja na haraka yetu, mama alisimama mbele ya rundo moja, akashika sweta dogo la mtoto, akaligeuza, akalirudisha. Tulipotea mara moja, tukatokea kwenye ghala la katani lililofungwa, majani yameota mlangoni, na mlinzi akaturudisha barabara kuu. Nakumbuka kwamba nilifurahia kuuona ule mji, na nilijua kabisa kuwa sikupaswa kufurahi.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi aliyekuwa msichana bado. Mama akapiga goti kumsalimia, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya, na watu waliokaa kwenye benchi wakageuka kutazama. Muuguzi akamwinua kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama," akasema. "Inuka, wewe ni mkubwa kwangu." Alipoona hamwelewi, akanigeukia mimi. Nikatafsiri: ugonjwa umeanza lini, mtoto ametapika mara ngapi. Kisha akauliza kama amepewa dawa yoyote. Mama akajibu kwa kirefu. Alisema kwamba ndani ya treni alimpa maji ya mizizi aliyoichemsha kabla ya safari, mara mbili, na kwamba baada ya mara ya pili mtoto alizidi kulegea. Shuleni mwalimu wetu alizoea kuwacheka watu wa mizizi, na darasa zima tulicheka naye. Nikaitazama ile benchi, nikasema, "Hajampa kitu."

Muuguzi akaandika. Mama alikuwa akinitazama. Hakujua nilichosema, lakini alijua kilikuwa kifupi.

"Mbona maneno yangu yalikuwa mengi na yako yamekuwa mawili?" akaniuliza kwa Kisukuma, taratibu.

Nikaitazama tena ile benchi.

"Usinionee aibu mimi. Mwonee huruma mdogo wako."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nilikuwa nusura niufiche ugonjwa usio wangu. Nikasema yote, huku machozi yakinitoka. Muuguzi hakumkaripia mama. Aliomba kuiona mizizi yenyewe, mama akafungua pindo la kanga akampa, naye akaipeleka kwa daktari. Daktari akaja, akampima Masanja upya, akaamuru alazwe na kuwekewa dripu. Walipomaliza, muuguzi aliniambia kwamba nimefanya vizuri kusema. Sikuona kama nimefanya vizuri.

Lori liliondoka bila sisi. Mama Zubeda, niliyemkimbilia stesheni kumweleza, alimpa dereva ujumbe wa kumfikishia baba, na jioni akatuletea uji. Siku ya tatu baba alifika, vumbi mpaka kwenye kope, akiwa amejiandaa kugomba. Alimkuta Masanja ameketi anatafuna ndizi. Hata hivyo aliuliza ni nani aliyemruhusu mama kuzurura kwenye mji wa watu.

"Tungekaa juu ya mizigo kama ulivyosema," mama akamjibu, "ungepokea mizigo."

Baba akakaa ukingoni mwa kitanda, akampakata mtoto. Jambo lile hakulirudia tena maishani mwake.

Siku hizi kutoka Kilosa hadi Mikumi mtu hasubiri mchana kutwa. Magari na bodaboda zipo. Masanja ni dereva wa njia hiyo hiyo, na abiria akimchelewesha robo saa hununa. Hakumbuki lolote. Mama naye amejifunza Kiswahili ukubwani, kwa ajili ya wajukuu. Huenda hospitali peke yake, akaeleza maumivu yake kwa lafudhi yake nzito, kisha akarudi na kunisimulia alivyojibiwa. Nashukuru kwamba hanihitaji. Ila kuna siku, akiwa njiani kwenda huko, huwa nakaa nyumbani nikiutamani ule mchana wa Kilosa, ambapo mji mzima ulimfikia mama kwa kupitia mdomo wangu.