Mkwe, Ndovu na Choo cha Nyasi

Nakumbuka, mwanangu, siku ya pili ya Idi, enzi za Mwingereza, tulipopakiwa kwenye lori pale mtaani Kanyenye kwenda kutazama wanyama kwenye bwawa moja huko mbele ya Igalula. Nilikuwa kijana, kichwa kinameremeta mafuta, na posa yangu kwa Mwajuma ilikuwa bado haijajibiwa. Aliyesubiriwa aseme ni mama yake. Basi napanda lori, nani nimwone? Mama Mwajuma huyo, na kikapu chake cha ndizi.

Ninyi wa leo mnakaa meza moja na wakwe zenu mkigombea paja la kuku. Kwetu Unyamwezini, wakati ule, mkwe wa kike hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Ukibanwa sana na neno, unamwambia mbuzi aliye karibu, naye mkwe anasikia. Nilisafiri nimegeuzia uso nyuma ya lori hadi shingo ikakakamaa. Vumbi lote la njia nililila mimi.

Penye wengi pana mengi. Bwawani tulikuta malori mengine yametutangulia, watu wamejaa kama mnadani. Huyu anaimba, yule anawapigia viboko makofi ili wainuke. Viboko wakazama, wakatuachia maji matupu. Askari wa pori alituomba tunyamaze na tusiache chakula ovyo, lakini nani amsikie? Nusu yetu tulikuwa kwenye foleni ya choo, maana choo kilikuwa kimoja tu, cha fito na nyasi.

Zamu ya Mama Mwajuma ilipofika, alitundika kikapu mlangoni, akaingia. Mimi kwa adabu nilikuwa nimesimama pembeni, nimewapa wote mgongo. Mara nikasikia watu wanatimka. Mjomba wangu Mzee Feruzi, aliyepata kuwa mpagazi wa misafara ya pwani, akanifikia mbio, mkongojo begani.

“Kassimu, ndovu yuko mlangoni anakula ndizi. Mkweo yumo ndani.”

“Mjomba, nitamsemeshaje? Akikasirika nimemkosa Mwajuma.”

Akanitazama kwa hasira. “Akikanyagwa, hiyo adabu utampelekea nani? Nenda.”

Niliogopa, mwanangu, na sijui nani nilimwogopa zaidi, ndovu au mkwe. Nikaenda kinyumenyume hadi ukuta wa nyuma wa choo.

“Bwana Ndovu,” nikasema, “mwambie mama asitokee mlangoni. Nang’oa nyasi huku nyuma, apite.”

Kisha sauti ikatoka ndani. “Ndovu, muulize ni nani huyo.”

“Mwambie ni Kassimu, mposaji.”

“Basi mwambie ageuke.”

“Mwambie nimegeuka tangu Kanyenye.”

Nikang’oa nyasi huku nimeupa ukuta mgongo. Mama akajipenyeza, kanga imemfunika uso, tukakimbia, yeye mbele, mimi nikifuata vishindo vyake macho chini. Ndovu alimaliza ndizi, akaanza kutafuna kikapu.

Njia nzima ya kurudi nilijua nimeshamkosa binti. Tuliposhuka mjini, akamwita mjomba.

“Mwambie yule ndovu,” akasema, “amwambie mposaji arusi ni baada ya mavuno.”

Nililia mbele za watu, wala sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda huko mbugani na wenzako, punguza sauti, maana porini wewe ndiwe mgeni. Msikilize askari. Chakula kifungie mbali, na ukiingia chooni usikawie, wenzako wanangoja. Zaidi ya hayo, wazee husema heshima si utumwa. Mila tuliwekewa ili tutunzane, basi mtu akiwa hatarini, mwokoe kwanza, njia ya kumstahi utaitafuta hapo hapo. Mungu akupe macho ya kuona mema ya nchi yako, akupe mkwe mwenye moyo mpana, na ndovu akuonyeshe kwa mbali.