Tulivyopitisha Bomba la Intakula

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya serikali pale Kilosa, Fundi Mkuu alinitazama usoni, kisha akaitazama mikono yangu.

"Binti, unajua kuchomelea?"

"Najua, mzee."

Akanipa miwani ya kuchomelea na kunionyesha trela lililopasuka fremu. Hakuniuliza mwanamke anatafuta nini gereji. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na wengine waliniuliza mpaka nikazoea.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya lori letu la kuhudumia vijiji, lililokuwa na tabo mbili. Tabo, kwa msioijua, ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi. Huisukuma hewa kwa nguvu iingie kwenye injini. Hewa ikisukumwa hivyo hupata joto, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye intakula, kipozeo kinachokaa mbele ya rejeta. Tabo zote mbili zilikufa na vipuri havikupatikana. Fundi Mkuu akaamua tufunge moja kubwa, tuliyoing'oa kwenye greda bovu.

Kuifunga hakukutusumbua sana. Kilichotusumbua ni njia ya mabomba ya kupeleka hewa kwenye intakula na kuirudisha kwenye injini. Njia fupi ilipita jirani na eksozi, ambako hewa iliyokwisha kupoa ingepashwa moto tena. Ya chini ingegongwa na mawe. Tukayapitisha ubavuni, juu ya fremu, na kila mwisho tukaweka kipande cha hosi ya mpira, maana injini hutikisika na bomba lisilo na hosi lingekatika. Kabla ya kulikunja kwa moto tulilijaza mchanga mkavu, lisije likabonyea.

Hatujalijaribu lori vizuri, mvua ikaikata reli upande wa Kidete. Katika kijiji cha Tindiga maji yaliingia majumbani, vyakula vikaloa. Unga ukaletwa kwa barabara hadi Mikumi, na lori la kuufuata lilikuwa letu tu. Tukaenda watatu: dereva, Fundi Mkuu na mimi.

Tulipokuwa tunarudi na mzigo, kwenye mwinuko wa kwanza, tukasikia mlio kama wa tairi kupasuka. Lori likaishiwa nguvu, moshi mweusi ukatanda. Kando ya barabara tembo walikuwa wanakula, karibu kiasi cha kusikia matawi yakivunjika. Dereva akasema asishuke mtu.

Fundi Mkuu akanigeukia. "Wewe ndiye uliyelichomelea bomba. Unadhani ni nini?"

"Hosi imechomoka, mzee."

"Tufanye nini?"

"Mwisho wa bomba ni laini, tena una mafuta. Tuufute, tuuzungushie waya, hosi ipate pa kushika."

"Haya."

Akashuka yeye kwanza. Akasimama kati yangu na wale tembo, amenipa mgongo, mpaka nilipomaliza kukaza klempu, ile pete ya kuibana hosi. Hosi ilikaa.

Tulifika Tindiga jioni. Mama mmoja alipokea mfuko wake wa unga, akauketia palepale kwenye matope, akalia. Kesho yake nikachomelea ukingo kwenye ncha za mabomba yote, na hosi haikuchomoka tena.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya shamba la mkonge, chini ya Meneja aliyependa usafi, kisha idara ya barabara Mikumi, chini ya Mhandisi mpole ajabu. Wote walinitendea wema. Nilisomesha watoto wangu kwa kazi hiyo, na namshukuru Mungu.

Nilipostaafu nilimfuata Fundi Mkuu kwake Msowero, macho yake yakiwa yamefifia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi."

Nikamshukuru kwa kunipima siku ile ya tembo na kuniachia mimi niamue.

Akacheka taratibu. "Sikukupima, mwanangu. Nilikuuliza kwa sababu sikujua."

Nyinyi mnaoshika spana leo, nawaombea mkuu wa namna hiyo: asiyejua akauliza, akajibiwa, kisha akashuka yeye kwanza.