Komeo Hakutoka Golini

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya kliniki na mdomoni mwa mama yake mzazi. Wengine wote, kuanzia watoto wa mtaani hadi msimamizi wa kazini kwake, walimwita Komeo. Alikuwa kipa, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba akishasema hapana, hapana yake haifunguki.

Komeo alikuwa dobi wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, kimepakana na jiko, sakafu ya saruji imelowa saa zote, na ndani mlikuwa na mashine mbili kubwa, moja nzima na nyingine ya kubembelezwa. Shuka za wodini zikitoka kwenye ile ya kubembelezwa zilikuwa nzito kama mtu aliyezimia. Basi Komeo na mwenzake huzishika, huyu upande huu na yule upande ule, wakazisokota mpaka ziache kulia maji. Miaka ya kazi hiyo ilimpa viganja vipana na mabega ambayo fundi wake wa cherehani aliyalalamikia kila aliposhona gauni.

Mpira ulimkuta ukubwani. Siku moja alipita uwanjani kumpelekea shoga yake funguo. Mpira ukatoka nje ukimjia usoni moja kwa moja, naye akaudaka kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umebeba mtoto. Kocha wa timu ya akina mama, kinyozi mfupi mwenye maneno mengi, aliiacha filimbi ikining'inia shingoni.

"Dada," akamwambia, "huyo mtoto mpe mtu amshike. Wewe nenda kakae pale golini."

Akaenda akakaa. Mtoto yule sasa anasoma darasa la tatu, na mama yake bado yuko golini.

Nyumbani hawakulipokea jambo hilo sawasawa. Mumewe, fundi seremala, alikuwa mtu wa kusema kidogo; aliguna tu, akaendelea kupiga randa. Mwenye neno alikuwa mama mkwe, aliyeishi nao.

"Mwanangu, mwanamke mzima kujitupa chini kama gunia la mkaa, ndiyo nini?"

"Ndiyo kudaka, mama."

Mama mkwe alicheka bila kutaka, na kicheko hicho Komeo alikihesabu kuwa ruhusa. Kuanzia hapo kila Jumamosi bibi alibaki na wajukuu, analalamika lakini anabaki.

Jumamosi ninayoisimulia walikuwa ugenini. Walisafiri juu ya lori la mchanga, wamekalia magunia matupu, vumbi likiwaingia mpaka kwenye kope, wakafika mji wa jirani wakiwa rangi moja wote. Uwanja wa wenyeji ulikuwa nyuma ya gereji. Majani yalikuwa pembeni tu, katikati ni udongo mgumu wenye vijiwe, lakini magoli yote mawili yalikuwa na nyavu, na hilo kwa timu kama zao ni anasa. Nahodha wa wenyeji, dada mrefu muuzaji wa duka la dawa, aliwapokea kwa ndoo ya maji ya kunawa.

"Poleni na safari. Nyie naweni, sisi tutawachafua tena."

"Tutaona nani atamchafua nani," akajibu shoga yake Komeo, aliyekuwa mshambuliaji wao.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha nguvu kwa nguvu. Wenyeji walitangulia kupata bao: mpira wa adhabu ulidunda mbele ya Komeo, ukagonga kijiwe, ukampita juu ya bega akiwa tayari ameshapiga magoti. Aliinuka akakitafuta kile kijiwe, akakitupa mbali kwa hasira. Haukupita muda, yule shoga yake akawachanganya mabeki wawili, akasawazisha. Filimbi ya mapumziko ikalia, bao moja kwa bao moja.

Wakiwa wamekaa chini wanakunywa maji, wakaingia wanaume.

Walikuwa timu ya wanaume ya mji ule, wamevaa njumu na jezi za mazoezi, wamebeba mipira yao kwenye wavu. Mbele yao alitembea nahodha wao, fundi magari wa ile gereji, bonge la mtu waliyemwita Nyundo kwa jinsi alivyopiga mashuti. Alifika mpaka katikati ya uwanja, akapiga makofi mawili.

"Haya akina mama, asanteni kwa burudani. Sasa tupisheni, tuna kazi."

Nahodha wa wenyeji akasimama. "Kaka, uwanja tumepewa mpaka jioni. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe ndiye aliyetuambia."

"Mwenyekiti hachezi mpira. Sisi kesho tuna mechi ya maana."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni kupunguza unene," Nyundo akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Dada wa watu akageuka kumtazama mwamuzi, kijana fundi baiskeli. Yule kijana akatazama viatu vyake. "Mimi ni mwamuzi wa mechi," akasema kwa sauti ndogo, "ugomvi si wangu." Kinyozi naye, mtu ambaye hakuwahi kuishiwa maneno tangu afungue kinywa chake duniani, alikuna kichwa akawaambia wachezaji wake, "Labda tuite sare, jamani. Sare ya ugenini si haba. Tukusanye vitu, tuwahi barabara."

Wakaanza kukusanya vitu. Hilo ndilo lililomuuma Komeo kuliko kile kicheko. Aliwaona wenzake wakifungua kamba za viatu kimya kimya, kana kwamba walikuwa wamekuja wakijua kuwa itaishia hivi. Alifikiria jinsi alivyobadilishana zamu na mwenzake ili apate Jumamosi hii, jinsi alivyoamka kupika chakula cha siku nzima, lile vumbi lote, na sasa arudi nyumbani na nusu ya mechi. Nusu! Alimalizia maji yake, akavaa glavu, akaondoka. Hakumuaga mtu. Alikata uwanja mzima kwa miguu hadi kwenye goli la upande wa pili, lile ambalo lingekuwa lake kipindi cha pili, akasimama katikati ya nguzo.

Ilichukua muda wanaume kumwona.

"Wewe dada!" mmoja akaita. "Umesahau kitu huko?"

"Kipindi cha pili," Komeo akajibu.

Nyundo akasogea, mikono kiunoni. "Mama, nakuheshimu. Ila sisi hapo tunapiga mashuti. Ukiumia nisije nikalaumiwa."

"Pigeni. Mimi nimekuja kwa kazi hiyohiyo."

Wakadhani ni mzaha. Mmoja akapiga mpira taratibu, kama anayemrushia mtoto. Komeo akaudaka, akageuka, akauviringisha ndani ya goli nyuma yake, akarudi kusimama.

"Aa, turudishie mpira!"

"Nikidaka ni wangu. Ukiingia pia uko huku huku. Njooni mchukue."

Hakuna aliyekwenda kuchukua. Wa pili akapiga kwa nguvu kidogo, Komeo akautema kwa ngumi, akaufuata, akautia nyuma pamoja na mwenzake. Wa tatu ulimpita, ukatikisa wavu. Wanaume wakashangilia, lakini mpira ukawa umebaki kulekule. Hivyo hivyo, mmoja anaudaka, mmoja unampita, mpaka ule wavu wao wa kubebea ukabaki umelala mtupu kwenye majani. Mpira uliosalia ulikuwa mmoja, na ulikuwa miguuni mwa Nyundo.

Wakati huo hakuna aliyekuwa akicheka tena. Nyundo aliuweka mpira chini, karibu mno, akarudi nyuma hatua kadhaa. Ukweli ni kwamba Komeo aliogopa. Baadaye aliwaambia wenzake kuwa miguu ilimwambia toka, na yeye akaiambia nyamazeni. Nyundo akapiga. Mikono ya Komeo ilichelewa nusu ya pumzi, mpira ukampata usoni, ukaruka juu ya mwamba.

Alianguka magoti. Damu ilimtoka puani, ikadondoka kwenye udongo ikifanya vidoa vyeusi. Kule gereji ukasikika mlio wa mtu akigonga bati. Komeo akapumua kwa mdomo. Akajifuta kwa mkono wa jezi, akatema, akasimama. Akarudi pale pale katikati ya nguzo, akanyoosha mikono.

"Huo umetoka nje," akasema. "Kauchukue upige tena."

Nyundo hakwenda. Aliyekwenda alikuwa yule dada wa duka la dawa, nahodha wa wapinzani. Alikimbia mpaka golini, akasimama bega kwa bega na Komeo, akawatazama kaka zake wa mji mmoja. Shoga yake Komeo akafuata, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kisha wakaja wote, jezi za hawa na jezi za wale, wakajaza mstari wa goli kutoka nguzo hadi nguzo. Hata kinyozi alijipenyeza, ingawa alichagua upande wa pembeni.

Mtu mzima mmoja katika wanaume, kipa wao, akavua glavu zake.

"Nyundo, inatosha," akasema. "Mimi nakudaka mwaka wa sita huu. Sijawahi kusimama hapo wewe ukiwa umekasirika. Siku hizo huwa nasema mgongo unauma."

Akaenda akakaa pembeni ya uwanja. Mwingine akamfuata, kisha mwingine tena. Nyundo alibaki peke yake, uso umemvimba kwa hasira, au pengine kwa aibu, maana vitu hivyo usoni hufanana.

"Dakika arobaini na tano," akasema. "Basi."

"Na za nyongeza," akajibu dada wa duka la dawa.

Hakuomba radhi. Alikwenda kukalia tairi bovu karibu na gereji, akaupa uwanja mgongo. Komeo naye hakungoja radhi. Alikuwa anatafuta pamba. Yule dada alikuwa nayo kwenye mkoba, akamziba pua zote mbili kwa mkono mwepesi, kama mtu aliyezoea.

"Utaweza kweli?"

"Sina kipa wa akiba," Komeo akasema, sauti yake ikitoka kama ya mtu mwenye mafua. "Na wewe usinihurumie. Ukinihurumia nitajua."

Hakumhurumia. Kipindi cha pili wenyeji walishambulia kama nyuki, na Komeo alidaka, akapangua, akajitupa kwenye vijiwe mpaka goti likachunika. Wale wanaume waliokaa pembeni wakaanza kwa kunong'ona, wakaishia kupiga kelele, na si wote waliokuwa wakishangilia timu ya mji wao. Kisha, mechi ikielekea ukingoni, ikapigwa kona. Komeo alisita, atoke asitoke, na yule dada mrefu akaruka juu ya kila mtu, akautia kwa kichwa. Mbili kwa moja. Filimbi ya mwisho ikalia, na kijana fundi baiskeli aliipuliza kwa nguvu safari hii.

Kwenye lori wenzake waliimba njia nzima. Komeo hakuimba. Alikuwa na kinyongo na nafsi yake.

"Ile kona ilikuwa yangu," akamwambia shoga yake.

"Hebu nyamaza, mwanamke. Una pamba puani unazungumzia kona."

"Ilikuwa yangu. Nilitakiwa kutoka."

"Leo ulitakiwa kutoka mara ngapi, na ulitoka?"

Hapo Komeo akacheka, ingawa kucheka kuliuma.

Mama mkwe ndiye aliyemfungulia mlango. Alimwinua kidevu, akamgeuza uso upande wa taa.

"Nani?"

"Mpira, mama."

"Mpira haujipigi. Nani?"

Ikabidi asimulie, amekaa kwenye kigoda, kitambaa cha maji baridi puani. Mumewe aliweka chini kijiko, akasimama. "Huyo mtu anakaa wapi? Kesho nitakwenda nikaongee naye."

"Ukitaka kwenda, nenda siku nikicheza," Komeo akasema. "Miaka yote hii hujaja hata mara moja. Kaa upande wetu, upige makofi. Kuongea nimeshaongea mimi."

Seremala akakaa tena, akakishika kijiko, akakitazama. "Jumamosi ijayo mnacheza wapi?" akauliza.

Mama mkwe hakuwa amemaliza. "Kwa hiyo mmefungwa."

"Tumefungwa, mama. Lakini hatukufukuzwa."

Bibi alikikamua kile kitambaa, akakirudisha usoni kwa Komeo kwa nguvu iliyozidi kidogo ilivyohitajika, akasema, "Na wakati mwingine mikono juu. Hata mimi nisiyejua mpira najua uso si wa kudakia."

Jumatatu Komeo aliripoti kazini akiwa na pua ya ukubwa wa kitunguu. Msimamizi akamwuliza kama haoni kuwa umri wake ni wa kupumzika Jumamosi na watoto. Komeo akamwambia umri wake anaujua vizuri, na kuwa Jumamosi anayopumzika ni ile atakayozikwa, kisha akaendelea kusokota shuka.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Alikuwa yule dada wa duka la dawa, anacheka mpaka anakwama. Wanaume walikuwa wamekuja tena uwanjani kabla ya muda wao, akasema. Nyundo hakuwa amefungua hata kinywa, na tayari wasichana watano wa timu ya dada huyo walikuwa wamekwenda kusimama golini, wamekunja mikono, wanasubiri mashuti.

"Wakafanyaje?" Komeo akauliza.

"Wakakaa pembeni wakasubiri zamu yao. Wengine wakatuokotea mipira."

Komeo akacheka, mkono mmoja ameshika simu, na wa pili ameshika pua, isije ikaanza tena.