Sketi ya Wanga na Mbuzi wa Bi Zaituni

Enzi zetu pale Buzebazeba, Kigoma, sketi ya shule ilisimama yenyewe. Unaivua, unaiegemeza ukutani, inakungoja kama mgeni. Kilichoisimamisha ni muhogo. Mama alikuna mihogo mibichi, akaikamua, maji yake meupe akayaacha kwenye beseni mpaka wanga utulie chini. Huo ndio aliopikia uji mwepesi wa kutumbukizia nguo. Uliobaki tulibandikia tiara na majalada ya madaftari, na kidogo tukalamba. Mchana ugali wa muhogo huo huo ulitungoja na samaki wa ziwani, migebuka. Tulikula muhogo, tukavaa muhogo; ajabu hatukuota mizizi.

Nakumbuka shule yetu ilipotembelewa na mgeni kutoka wilayani. Mwalimu alisema mstari wa mbele ni wa wenye marinda yaliyonyooka. Mimi kwaya walishanikataa kwa sauti yangu ya chura, kwa hiyo tegemeo langu lilikuwa marinda tu. Mama akakoleza wanga, akapiga pasi ya mkaa.

"Usikae, usiiname, usikimbie," akaniusia.

Nikatoka nimekakamaa kama mlingoti wa bendera. Kwa jirani yetu Bi Zaituni nikasimama kumpa shikamoo, na wakati naitoa, mbuzi wake akala rinda la nyuma.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Bi Zaituni. "Kumbe ndiyo maana huyu kasusa maganda tangu jana. Alikuwa anakungoja wewe."

Nikaangua kilio. Akanivuta ndani, akachukua uji wake wa wanga, akapaka kitambaa cha buluu, akakibandika palipoliwa na kukipiga pasi.

"Nenda. Ila usitoe jasho."

Jua la Kigoma mnalijua. Nilisimama mstari wa mbele kabisa, nikipumua kidogo kidogo, mpaka mgeni akanipa mkono. Kiraka kilidondoka njiani nikirudi, mlangoni kwa Bi Zaituni, na mbuzi akakimalizia.

Siku hizi safari yangu ndefu ni sokoni Mwandiga, tena mpaka nihimizwe. Nimekaa zangu nyumbani natia wanga vitambaa vya makochi, na binti yangu ananicheka: "Mama, si kuna wa kopo? Unapuliza tu." Yeye sketi yake haijui wanga wala pasi; anaifua jioni, asubuhi anaivaa. Anapita katikati ya mbuzi wa mtaa mzima, na hakuna hata mmoja anayegeuza shingo.