Mpambaji na Vitambaa vya Mkwe

Ijumaa, tarehe 8 Novemba. Mvua ilinyesha Musoma alfajiri, kisha jua likatoka kali. Mpambaji alivua viatu mlangoni kwa Rhobi, ghorofa ya pili, akapiga magoti na kutambaa sebule nzima, akipapasa kona za meza ili ajue zipi zitawapasua watoto vichwa. Ndivyo afanyavyo kila nyumba. Halafu hurudi mlangoni, hufumba jicho moja, na kutoa hukumu kwa sauti ndogo kama ya mgonjwa. Kuta alishazipaka rangi ya uji uliotiwa maziwa, makochi akayavalisha kijivu, na Rhobi alikuwa ametulia moyo kabisa, hadi mama mkwe wake alipowasili kutoka Butiama na vitambaa vyekundu alivyofuma mwenyewe, akavitandika kwenye kila kochi.

“Nyumba bila vitambaa inakuwaga kama ofisi ya wilaya,” alisema mkwe.

Rhobi hakuthubutu kumpinga. Alimgeukia mpambaji. “Fundi, wewe ndiye mtaalamu. Hebu mweleze mama.”

Mpambaji akarudi mlangoni, akafumba jicho. Alikaa hivyo mpaka Rhobi akaanza kutabasamu.

“Vimekaa, mama,” alisema kwa ile sauti yake ndogo.

“Si nimesema mimi?” mkwe akajibu, akaketi.

Kesho yake asubuhi mpambaji alirudi kabla ya chai, akaondoa mito yote ya kijivu aliyoichagua mwenyewe, akamwomba mama kitambaa kimoja zaidi cha kufunika televisheni.