Neno Lililoandikwa Kwenye Pipa

Tupokigwe hakuwa mtu wa kupokea jambo bila kuligeuza pande zote. Hakuzaliwa hivyo. Kwa miaka mingi mumewe alikuwa akimuaga jioni kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, naye akimpigia pasi shati, mpaka ikajulikana kwamba kwaya yenyewe ni mwanamke mmoja wa Kibamba na watoto wawili. Waliachana. Tangu hapo hata muuza nyanya akimwongezea moja, aliipasua kwanza aone kama imeoza ndani.

Kwa hiyo mwalimu Apolinari alipotangaza kanisani, kule Kiwalani, kwamba atafundisha watu wazima Kiingereza bila malipo, Tupokigwe alijiandikisha haraka. Alikuwa mtunza stoo kwenye karakana ya samani, na karibu kila kilichoingia stoo kiliandikwa Kiingereza. Lakini pia alitaka kujua huyu mzee anatafuta nini.

Apolinari alikuwa mstaafu mpole, mwenye lafudhi ya Bukoba. Alisema kukariri neno moja moja ni kujitesa bure. Kiswahili kina lima, na humo tunapata mkulima na kilimo. Kiingereza nacho kina mizizi yake. Port ni kubeba: import ni kuingiza nchini, export ni kupeleka nje, transport ni kusafirisha. Kisha kuna viambishi vya kukanusha, un-, dis-, in-. Correct ni sahihi, incorrect si sahihi.

"Mkiushika mzizi mmoja, maneno mengine yanakuja yenyewe," alisema.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomtia Tupokigwe shaka. Mambo hayaji yenyewe. Kesho yake kazini alikagua maboksi yote, na kila neno likaitika kama mwalimu alivyosema. Hilo likazidi kumtia wasiwasi, kwa sababu mumewe naye alikuwa akizijua nyimbo zote za kwaya.

Ikafika siku karakana ilipokea mapipa ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, kutoka kwa muuzaji mpya. Ubavuni yaliandikwa inflammable. Jua lilikuwa kali, na Sadallah, fundi wa kuchomelea vyuma, alitaka kuhamishia kazi yake kwenye kivuli cha stoo.

"Dada Tupo, huu mzigo wako unashika moto?"

Tupokigwe akasoma. Flame ni moto, alishafundishwa. In- ni si. Jibu likamfika ulimini: haushiki. Hakuwahi kufumbua neno gumu namna ile peke yake, na alijisikia vizuri sana. Kule kujisikia vizuri ndiko kulikomshtua. Tena harufu iliyokuwa ikitoka kwenye kizibo ni ileile ya tina ya siku zote.

"Subiri kwanza," akasema.

Alilowesha pembe ya kitambaa kwa tina hiyo, akakitandaza mchangani, mbali uani, akakisogezea moto kwa ncha ya ufito. Moto ulikirukia kabla haujakigusa. Sadallah alichomoa waya wa mashine yake bila kuambiwa. Tupokigwe aliketi kwenye benchi, akisikiliza wenzake waliokuwa ndani wakipiga randa na kutaniana.

Jioni alimwuliza Apolinari mbele ya darasa zima inflammable ni nini. Mzee akajibu bila kusita: kisichoshika moto. Tupokigwe akawasimulia yaliyotokea. Apolinari alivua miwani.

"Sijui," alisema. "Nilidhani najua."

Tupokigwe alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amemkamata. Kipindi kilichofuata aliwahi makusudi, ashuhudie mlango umefungwa. Akamkuta mzee keshafika, anaandika ubaoni: jitu, jipenda.

"Ji- ya jitu inakuza," aliwaambia walipotimia. "Ji- ya jipenda inamrudia mwenyewe. Umbo moja, kazi mbili. In- nayo iko hivyo. Moja inakanusha, nyingine ni ya kuingia ndani. Inflammable ni hiyo ya pili: chepesi kuingiwa na moto. Mie niliwafundisha nusu, na nusu hiyo ingeua watu. Mnisamehe."

Tupokigwe alimkazia macho, akitafuta ule uongo anaoufahamu. Hakuuona. Baada ya kipindi alimwuliza kwa nini anafundisha bure. Mzee akasema mkewe alifariki, na nyumba jioni haikaliki kwa ukimya. Jumapili Tupokigwe aliulizia kwa Kokushubila, jirani wa Apolinari, akaulizia hata marehemu alikozikwa. Yote yalikuwa kweli.

Mapipa aliyaandika upya kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili. Apolinari naye akatenga mwisho wa kila kipindi kuwa wa maneno yanayodanganya, na Tupokigwe ndiye anayeyaleta mengi. Juzi alileta invaluable. Lilikuwa kwenye kadi ya kumuaga msimamizi wao, na Tupokigwe alikataa kuisaini akidhani wanamwambia msimamizi hana thamani. Apolinari alicheka mpaka akakohoa, akamweleza kwamba ni thamani isiyokadirika. Tupokigwe alimshukuru. Asubuhi yake akamwuliza na mtu mwingine, ndipo akasaini.